Kambi ya kushona mfarishi Lamu: wanawake 12, siku 3, mfarishi mmoja. Tuanzie wapi?

UziNaSindano (Malindi)

Asalaam aleikum jamaa. Kikundi chetu cha Malindi kina wanawake 12. Tumekubaliana kukodi nyumba Lamu, ndani ya mji wa kale, tushone pamoja siku tatu kamili: tunafika Alhamisi jioni, tunarudi Jumatatu asubuhi. Tunataka tutoke na mfarishi (tandiko la tabaka tatu, uso wake wa vipande vilivyounganishwa) mmoja wa pamoja, wa vitenge, wa kitanda cha futi 4 kwa 6. Muda ukibaki, kila mtu na kazi yake.

Tumechagua bloki ya miraba tisa kwa sababu wanne kati yetu hawajawahi kushona mfarishi. Nguo wanashona vizuri tu, msije mkadhani ni wageni wa sindano.

Naomba kujua: vitenge yadi ngapi? Tukate huku Malindi au tukakatie huko? Vyerehani tunavyo 9, vitatu kati yake ni vya mkono, tubebe vyote? Ujazo wa katikati tuweke nini? Na kuna aliyependekeza tugawane vitambaa sasa hivi, kila mtu akashone bloki zake nyumbani, Lamu iwe kuunganisha tu. Mie naona ni wazo zuri, lakini nawasikiliza waliozoea.

---

Fundi_wa_Langoni

Wa aleikum salaam dadangu. Nianze na hilo la mwisho, maana ndilo litakalowaharibia kazi. Msigawane vitambaa. Watu 12 wakikata nyumbani kwao ni futikamba 12, na futikamba ya kitambaa ikizeeka hunyooka. Mkishona nyumbani ni vyerehani 9, na robo inchi ya cherehani hiki si robo inchi ya kile. Kwenye nguo huoni, kwa sababu nguo ina mahali pa kuficha. Mfarishi hauna.

Hesabu yenyewe iko hivi. Mraba mnaukata inchi 3½, akiba ya mshono robo inchi kila upande, kwa hiyo ukishashonwa unabaki inchi 3. Mitatu kwa mitatu inakupa bloki ya inchi 9½ kabla ya kuunganishwa na wenzake, inchi 9 baada ya kuunganishwa. Sasa mwenzenu mmoja akizidisha mshono kwa moja ya kumi na sita ya inchi tu, upana wa chaki iliyochongwa vibaya, kila mshono unakula moja ya nane. Bloki ina mishono miwili kwenda upande mmoja, kwa hiyo yake inatoka inchi 9¼. Ukiiweka kando ya ya inchi 9½, utalazimika kuivuta. Ukiivuta, mfarishi unatunisha tumbo katikati, na hakuna pasi itakayoulaza.

Kwa hiyo akate mtu mmoja, au wawili kwa rula moja ya chuma au ya plastiki ngumu. Wakate Malindi kabla ya safari, kwenye meza ya kiwango cha kiuno. Nyumba za Lamu ni nzuri lakini meza ndefu ya kukatia ni nadra, na kukata sakafuni watu 12 wakipita ni kutafuta kesi.

Vipimo vyenyewe. Panga bloki 6 kwa upana na 7 kwa urefu, jumla 42. Nusu yake, 21, ziwe za miraba tisa, na 21 ziwe miraba mizima ya kitambaa kimoja, zikipishana kama ubao wa drafti. Unapata inchi 54 kwa 63. Zungushia pindo la inchi 6 na unafika 66 kwa 75, ambayo kwenye kitanda chenu inaning'inia inchi 9 kila upande. Za miraba tisa shoneni 24, mbili kila mtu. Tatu zinazobaki ni za akiba, na mtazihitaji, msijidanganye.

Kitenge kina upana wa inchi 45 hivi. Ukitoa pindo za kiwandani hesabu 42 za kutumia. Rangi iliyokolea, yadi 1 na robo. Rangi nyepesi, yadi 1. Ile miraba mizima ya inchi 9½, yadi 1 na robo tatu. Pindo la nje, vipande 7 vya upana wa inchi 6½, yadi 1 na nusu. Mgongo wa mfarishi uzidi uso kwa inchi 4 kila upande, yaani 74 kwa 83: kata vipande viwili vya inchi 83 uviunganishe ubavu kwa ubavu, yadi 5. Ukanda wa kufunga kingo, vipande 7 vya inchi 2½, nusu yadi na zaidi kidogo.

Miraba midogo msiikate mmoja mmoja. Kateni mikanda ya inchi 3½ kwa upana wote wa kitenge: 10 iliyokolea, 8 nyepesi. Shoneni mikanda mitatu mitatu kwa urefu. Seti 4 ziwe koleza-nyepesi-koleza, seti 2 ziwe nyepesi-koleza-nyepesi. Pigeni pasi mishono yote ielekee upande wa rangi iliyokolea. Kisha kila seti muikate kwa kukingama, kila inchi 3½, itoe vipande 12. Bloki moja ni vipande viwili vya seti ya kwanza na kimoja cha ya pili katikati. Mkishaelekeza mishono kwenye rangi iliyokolea, pale pembe zinapokutana mshono mmoja unalala kulia na mwingine kushoto, vinakumbatiana, na unausikia kwa kidole umeketi kabla hujapiga pini. Hapo hata yule mgeni pembe zake zitakutana.

Kabla ya kushona chochote, Ijumaa asubuhi, kila cherehani kipimwe. Shona vipande vitatu vya mabaki vya inchi 3½, piga pasi, pima kile cha katikati. Kiwe inchi 3 kamili. Kikiwa pungufu, mshono ni mnene. Usimwambie mtu "punguza kidogo". Pima robo inchi kutoka sindano kwenda kulia, na hapo bandika plasta ya dukani juu ya bati la cherehani, tabaka nne au tano juu ya nyingine, iwe na ukuta mdogo. Kitambaa kinatembea kikiegemea huo ukuta. Vile vimguu vinavyokanyaga kitambaa vina upana tofauti kwa kila cherehani, hasa vile vyeusi vya zamani, kwa hiyo kufuata ukingo wa kimguu ndiyo makosa yenyewe.

Sindano namba 14 kwa kitenge cha nta, namba 12 kama mnachanganya na kanga. Mshono wa milimita 2 hadi 2½. Badilisheni sindano mwanzo wa kambi, ni vitu vya bei ndogo.

---

Nyaya_na_Taa

Nachangia la umeme tu. Cherehani si tatizo, kinakula wati 100 hivi. Tatizo ni pasi. Pasi kavu ni wati 1,000 na kitu, ya mvuke hupita 2,000. Plagi ya ampia 13 kwa volti 240 haivuki wati 3,120, na ile ekstensheni ya waya mwembamba inayouzwa kila duka haifiki hata hapo. Inapata moto ikiwa imekunjwa. Pasi mbili zisichomekwe kwenye ekstensheni moja. Pasi moja ukutani chumba hiki, nyingine ukutani chumba kingine, na vyerehani vyote sita kwenye ekstensheni yao. Muulizeni mwenye nyumba mapema kama nyumba inatumia tokeni, mnunue za kutosha kabla ya Ijumaa, na kama ina sola au betri, pasi isiguse huko.

Beba vile vya mkono vyote vitatu. Stima ikipotea ndivyo vitakavyokuwa vinaendelea. Pasi ya makaa pia inafaa, ila ipitishwe kwanza kwenye kitambara kila mara baada ya kupulizwa, majivu hutoka kwa matundu ya pembeni na kuangukia kitambaa chepesi. Na isitumiwe ndani ya chumba kilichofungwa, moshi wa makaa usioonekana unaua.

---

Bi_Kastabini

Fundi wa Langoni amemaliza habari za uso, nami sina la kuongeza huko, isipokuwa kitenge kifuliwe kabla hakijakatwa. Kitenge kipya kina wanga wa kiwandani na kitarudi kikiona maji. Mkikata kabla ya kufua, mfarishi wenu utakunjamana siku ya kwanza ya kufuliwa, kila kipande kikirudi kivyake.

Na mpime kama ni pamba kweli. Chomoa nyuzi chache pembeni, ziwashe. Pamba inawaka kama karatasi na kuacha jivu jepesi la kijivu. Ikijikunja na kuacha kishanga kigumu cheusi, hiyo ni plastiki, pasi yenu ya moto itaing'arisha au kuichoma. Siku hizi ni nyingi, na zinang'aa kuliko za pamba, ndiyo maana watu wanadanganyika.

Rangi: nyekundu, nyeusi na ya nili ndizo za kuziogopa. Loweka kipande kwenye maji ya moto na sabuni nusu saa pamoja na kitambara cheupe. Kitambara kikibadilika, fua tena mpaka kiache. Watu watawaambia mtie chumvi au siki. Havizuii rangi iliyokwisha kuchapwa. Mnapoteza siki ya kachumbari.

Ujazo. Kwa joto la Malindi msiweke faiba nene ya mafundi wa makochi. Inajaza macho dukani, lakini usiku mtu anaitupa chini, na baada ya muda nyuzi zake hupenya kitambaa na kutoa ndevu nyeupe juu, zaidi kwenye rangi nyeusi. Flana ya pamba, au shuka la pamba kuukuu lisilo na viraka, linatosha. Shuka kuukuu lina sifa moja kubwa: limekwisha kurudi. Pamba sufi ni ya mito tu, kwenye mfarishi hukimbilia pembe na kujifunga madonge.

Shuka jipya lenye ususi mzito mno lisiwekwe mgongoni kama mtashona kwa mkono. Sindano haipiti, vidole vinaumia. Kitenge laini, marekani iliyofuliwa mara mbili, au kanga, ndiyo migongo. Kwa kanga mtahitaji doti mbili: kanga moja ni kama sentimita 150 kwa 110, na doti moja haifiki.

Sasa kupiga bandi, yaani kuzishikiza zile tabaka tatu. Tafuteni sakafu safi ya mita 2 na nusu kila upande. Mgongo ulale kifudifudi, uso wake mzuri chini, muubane kingo kwa utepe wa karatasi wenye gundi, uwe umenyooka bila kuvutwa. Ukiuvuta kama ngoma, ukiachiliwa unarudi na kukunja uso wote. Juu yake ujazo, juu yake uso, vikipapaswa kutoka katikati kwenda nje kwa viganja. Pini za kufunga zianzie katikati pia, moja kila upana wa ngumi, inchi 4 hivi. Kwa ukubwa huo ni pini 310 au karibu yake. Nunueni 350.

Msipige pini juu ya mkeka wala busati. Nalirudia kwa herufi kubwa kama mngeniruhusu. Mtainua mfarishi na mkeka umekuja nao.

Na msipige kule juu ya paa saa za upepo, iwe kaskazi au kusi. Hilo ni jambo la baada ya alfajiri au la kiwandani chini, yaani ua wa ndani ya nyumba.

La mwisho ni kushindilia, yaani kuzifunga tabaka zote tatu pamoja moja kwa moja. Msidanganywe kwamba mfarishi mzima utashonwa kwa mkono siku moja. Hautaisha. Na kwa cherehani ni kazi ya mtu mmoja, kumi na moja wanatazama. Mna njia mbili. Ya haraka ni kufunga mafundo: uzi mnene wa kutarizi, sindano inazama na kuibuka kwa umbali wa punje ya mchele, unafunga mara mbili kulia na mara mbili kushoto, unaacha ncha za nusu inchi. Fundo moja kila inchi 4½ yatakuwa kama 250. Watu wanane, kila mmoja mafundo 31 au 32, asubuhi moja imekwisha. Njia ya pili ni fremu: mbao mbili za inchi 2 kwa 2, urefu futi 8, zimepigiliwa ukanda wa marekani ambao mgongo wa mfarishi unashonewa, mnaviringa kutoka pande zote mbili na kuacha mfereji wa kushona katikati. Wanakaa wanne upande huu, wanne ule. Uzi usizidi urefu wa kutoka ncha ya kidole mpaka kiwiko, ukizidi unajisokota na kuchakaa kwenye tundu la sindano. Fundo linazikwa ndani: vuta kidogo lipenye kitambaa cha juu, ukisikia limelia "tap" limeingia.

Kwenye fremu kila mtu ana mkono wake. Mmoja anatoa bandi (mishono ya mkono) nane kwa inchi, mwingine nne. Msimkosoe wa nne. Badilishaneni viti kila saa, ili bandi kubwa na ndogo zitawanyike. Mkiacha mtu kona moja siku nzima, kona ile itaonekana ya mtu mwingine. Anayetumia mkono wa kushoto akae mwisho wa upande wake, asigongane viwiko.

Na mkiwa Lamu, mkipata mtu anayeshona kofia za viua, mwombeni awaketie saa moja. Anayeweza kuvizungushia uzi vitundu vidogo vile bila kukosea safu, bandi za mfarishi kwake ni mchezo.

---

UziNaSindano (Malindi)

Bi Kastabini, Fundi, Nyaya, Mwenyezi Mungu awajaze kheri. Tumeshaita mkutano, wazo la kugawana limekufa. Mafundo ndiyo tumechagua.

Maswali mawili. Mmoja wetu ana kanga anayotaka jina lake, yaani maandishi ya kanga, lionekane mgongoni. Tulikateje? Na Fundi, ukanda wa kingo vipande 7, nimehesabu: 66 na 66 na 75 na 75 ni 282. Saba mara 42 ni 294. Ni sawa kweli? Inanitia wasiwasi ilivyo karibu.

---

Fundi_wa_Langoni

Wasiwasi wako ni wa haki, nimekosea. Vipande vya ukanda huunganishwa kwa hanamu, pembe kwa pembe, ili mshono usirundikane mahali pamoja, na kila kiungo kinakula inchi 2½. Viungo sita ni inchi 15, unabaki na 279, pungufu hata ya mzunguko. Kateni vipande 8. Vinatoa inchi 318 hivi, za kuzunguka, kukunja pembe nne na kufungia mwisho. Inchi 20 za kitambaa, nunueni robo tatu ya yadi.

Ukanda ukunjwe katikati kwa pasi, ushonwe kwa cherehani upande wa uso, kisha ugeuziwe nyuma na kumaliziwa kwa mkono. Anzia katikati ya upande, si penye pembe. Ukifika pembeni simama robo inchi kabla ya ukingo, kata uzi, kunja ukanda uelekee juu kisha urudishe chini, endelea. Usipousimamisha pale, pembe inatoka duara.

Jina la kanga: msilikate kwa kufuata uzi wa kitambaa bila kutazama, wala kwa kufuata mstari wa chapa bila kutazama. Kanga nyingi zimechapwa upande, mstari na nyuzi havilingani. Chana pembeni kidogo uone uzi unakoelekea. Kwa jina fuateni maandishi, jicho la msomaji litaona herufi zilizopinda kabla halijaona nyuzi. Acheni inchi moja tupu juu na chini ya herufi, nusu itakuliwa na kukunja. Kwa kuwa kipande kitakuwa kimekatwa nje ya uzi, kitanyooka ukikishika, kwa hiyo kipakeni uji mwepesi wa wanga na kukipiga pasi kwanza. Kanga yote ipate wanga huo, ni nyembamba kuliko kitenge na hukimbia chini ya sindano. Mfarishi ukimalizika ufuliwe utoke. Wanga ukibaki kabatini, mende wanakuja.

Na chagueni jina la kusomeka mbele ya mkwe. Msiseme sikuwaambia.

---

MwanaMkomani

Karibuni Amu, yaani Lamu. Mengi yamesemwa, mimi ninaongeza ya njiani, kisha pendekezo ambalo huenda likawafaa wale wanne wageni.

Mkifika Mokowe mtapanda boti, na upepo ukiwa mkali maji ya chumvi yanaruka ndani. Vitambaa vilivyokatwa viwekeni kwenye ndoo za lita 20 zenye vifuniko. Vyerehani vifungwe shuka kisha turubai, na vikae miguuni mwa mtu, si kwenye omo, mbele ya boti. Kutoka jeti mpaka nyumbani hakuna gari, ni hamali na mkokoteni, au punda. Cherehani kisiwekwe juu ya punda hata mwenyewe akikuapia. Mkifika vipangusweni na vitiwe mafuta ya cherehani. Mafuta ya kupikia yanaganda na kukaza.

Pini za chuma msiziache kwenye kitambaa usiku kucha. Hewa ya bahari ina unyevu na chumvi, asubuhi kila pini imeacha kitone cha kutu. Zile 310 za kupigia bandi ziwe zisizopata kutu, kama hamna, shikizeni kwa uzi: bandi ndefu za inchi 2, kutoka katikati kwenda nje kama miale. Pini za kawaida wekeni kwenye chupa yenye mchele mkavu.

Msije wiki ya Maulidi, Mfungo Sita, kama hamjapata nyumba mapema mno. Mji hujaa. Na vyumba vya nyumba za kale ni virefu, vyembamba na vya giza, bebeni taa, mwanga wa kushonea ni wa kiwandani au juu.

Sasa pendekezo. Kuna mfarishi unaoitwa kawandi, unaoshonwa na wanawake wa Kisidi wa jimbo la Karnataka, India. Wasidi ni wazao wa Waafrika waliofika huko karne nyingi zilizopita, wengi wao wakitokea upande wetu huu wa bahari. Hauna pasi, hauna cherehani, hauna rula. Unaweka kitambaa kimoja cha mgongo, kule hutumia sari kuukuu, na kuanzia kwenye pembe. Unakunja ukingo wa mgongo na ukingo wa kipande cha kwanza, kila kimoja kwa ndani, vikutane, na kuvishona pamoja kwa bandi. Unaongeza kipande kinachofuata kikipanda juu ya kilichotangulia kwa nusu inchi, ukingo wake wa juu umekunjwa. Unaendelea kuzunguka pande zote nne, safu baada ya safu, umbali wa upana wa kidole, ukiingia ndani mpaka unakutana katikati. Bandi zile zile zinashikilia vipande na kushindilia tabaka kwa pamoja, kwa hiyo ukimaliza kushona umemaliza mfarishi, hakuna ukanda wa kufunga. Kwenye pembe nne huwekwa phula, vitambaa vya mraba vilivyokunjwa pembetatu mara kadhaa, na usipoviweka huhesabiwa haujakamilika.

Mabaki yenu ya vitenge yataishia huko. Wanne wageni wakae mmoja kila upande, mfarishi mdogo wa inchi 36 kwa 40 wa mtoto, wote waelekee upande mmoja wa mzunguko. Stima ikipotea hawajui.

---

Bi_Kastabini

MwanaMkomani umefanya vyema kuutaja. Nirekebishe jambo moja tu kwa anayejaribu mara ya kwanza: kosa la kawandi ni kuvuta uzi. Kwa kuwa unaanza nje na kuingia ndani, ukikaza uzi kingo zinakusanyika, na ukifika katikati mgongo umezidi, unavimba kama chapati iliyopulizwa. Kila safu ikimalizika, lazeni sakafuni mpapase kwenda katikati kabla ya kuanza nyingine. Ukiona mgongo umeanza kutuna, fumueni safu ile ile, msingoje tatu.

Na wanne wakishona kwa wakati mmoja, mikutano ya pembe ndiyo migumu. Safu zao zisipolingana, wa upande huu atafika pembeni na mwenzake bado vidole viwili nyuma. Anayemaliza mapema asianze safu mpya. Atie uzi sindano za wenzake angoje.

---

UziNaSindano (Malindi)

Shukrani. Tunabeba vyerehani sita: vitatu vya umeme, vitatu vya mkono. Kesho tunaloweka vitenge, na ile nyekundu naitilia shaka tangu dukani. Fundi, swali la mwisho: pasi mbili kwa watu 12 zinatosha?

---

Fundi_wa_Langoni

Zinatosha kama mpiga pasi ni mmoja kila pasi na haondoki kwenda kushona. Na awe anaikandamiza, aiinue, aiweke mbele. Asiisukume huku na huku kama shati, mraba wa inchi 3½ ukisukumwa unageuka msambamba. Hiyo kazi mpeni mwenye mkono mzito na asiye na haraka.

Nyekundu ikiwa bado inachuja baada ya kufuliwa mara ya nne, iacheni Malindi.